Uwanja wa umma ukichakaa: Funzo la gofu ya visahani kwa mji wa Isiolo

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo unavifaa viwanja vya umma kuliko hata nyumba, kwa kuwa nyumba ina mwenyewe anayeuona ufa kila asubuhi, ilhali uwanja wa umma una wenyewe wengi na kila mmoja wao hudhani kuwa mwingine ndiye atakayeuziba.

Miongoni mwa michezo inayoudhihirisha ukweli huu ni gofu ya visahani. Ni mchezo rahisi kuuanzisha katika bustani ya jamii na uwanja wake huchakaa upesi usipoangaliwa. Hata hivyo, unaweza kuendelea kuchezwa mahali ambapo michezo mingine ingekwisha kufa. Ndiyo sababu unafaa kuchunguzwa na miji ya maeneo kame kama Isiolo, ambako nyasi hazidumu na fedha za kuzitunza ni haba.

Mchezo wenyewe hauna mengi ya kutatiza. Mchezaji husimama kwenye kituo cha kuanzia na kurusha kisahani cha plastiki akilenga kikapu cha chuma kilichoshikiliwa na mlingoti, ambacho juu yake hunin'ginia minyororo ya kukizuia kisahani kisipite. Pale kisahani kinapotua ndipo mrusho unaofuata huanzia. Anayekamilisha vikapu vyote kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi.

Viwanja vingi huwa na vikapu 9 au 18, na umbali wa kila kimoja kutoka kituo chake aghalabu ni kati ya mita 60 na 120. Kisahani cha mashindano hakiruhusiwi kuzidi gramu 200. Ni kidogo kuliko kile cha kuchezea watoto, lakini ni kigumu zaidi na ukingo wake ni mwembamba, jambo linalokiwezesha kwenda mbali na kwa kasi.

Tofauti yake na gofu ya kawaida ni kubwa. Hapa nchini, gofu imezoeleka kuwa mchezo wa wanachama wa klabu kama vile Muthaiga na Karen, ambako nyasi hunyunyiziwa maji na kukatwa bila kukoma. Gofu ya visahani haihitaji nyasi laini wala fimbo za bei ghali. Kisahani hupita hewani, hivyo ardhi iliyo chini yake yaweza kuwa ya mchanga, changarawe au vichaka.

Historia ya mchezo huu ina somo kwa yeyote asiye na fedha nyingi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, karibu na Pasadena, jimbo la California, Marekani. Bustani hiyo sasa huitwa Hahamongna Watershed Park. Aliyeuasisi ni Ed Headrick, ambaye alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyotengeneza visahani vya Frisbee.

Uwanja huo haukuanza na vikapu. Shabaha zilikuwa milingoti mitupu iliyosimikwa ardhini. Tatizo lililojitokeza ni ubishi, kwani mchezaji mmoja angesema kisahani chake kimegusa mlingoti na mwenzake akakana. Ndipo Headrick alipobuni kikapu chenye minyororo na kukipatia hataza mwaka 1977. Mwaka uliotangulia, 1976, alikuwa ameanzisha chama cha PDGA ambacho hadi leo ndicho kinachotunga sheria za mchezo huu. Headrick alifariki mwaka 2002, na leo hii kuna viwanja zaidi ya 10,000 ulimwenguni.

Kwa hivyo, kikapu kilikuja kumaliza ubishi na wala si sharti la mchezo kuwepo. Jambo hili ni muhimu kwa sababu katika uwanja usiotunzwa, kikapu ndicho huwa cha kwanza kuondoka.

Minyororo na milingoti ni chuma, na chuma kina soko. Wakenya wanakumbuka jinsi serikali ilivyopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa muda mnamo Januari 2022, baada ya nguzo za kusafirishia umeme kuharibiwa. Ikiwa nguzo za umeme hazikusalimika, itakuwa ajabu minyororo iliyoachwa wazi bustanini isalimike.

Dawa yake ni kurudi kwenye wazo la mwaka 1975. Sheria za PDGA zinaruhusu shabaha iwe kitu chochote kilichotengwa na kuwekewa alama, mradi kisahani kiguse sehemu iliyotiwa alama. Nguzo ya saruji, gurudumu kuukuu lililofukiwa nusu au shina la mgunga lililopakwa mshipi wa rangi, vyote vyaweza kuwa shabaha. Ubishi utakuwepo, lakini mshipi wa rangi ukiwa mpana na wachezaji wakikubaliana mapema, ubishi huo hupungua.

Uharibifu wa pili hutokea kwenye kituo cha kuanzia. Kila mchezaji husimama hapo, hupiga hatua chache na kujizungusha kwa mguu mmoja. Baada ya miezi kadhaa, ardhi huchimbika na kuwa shimo. Mvua ikinyesha, shimo hugeuka kidimbwi, na kiangazi kikija hubaki mawe yaliyochomoza. Hapo ndipo vifundo vya miguu huteguka.

Mchezaji anayekuta kituo cha namna hiyo hana haja ya kukimbia kabla ya kurusha. Afadhali asimame wima, aweke miguu yote miwili mahali imara na kurusha kwa nguvu za kiuno na bega. Atapoteza mita chache, lakini atarudi nyumbani akiwa mzima. Wanaosimamia uwanja nao wanaweza kukihamisha kituo hatua kadhaa kando kila msimu ili ardhi ipumzike. Kazi hiyo huhitaji jembe, mawe mawili ya kuweka mpaka na watu wenye nia.

Uharibifu wa tatu ni wa mabango, nao ndio hatari zaidi ingawa haufanani na hatari. Bango likianguka, mgeni hajui aelekee wapi. Wawili wanaweza kurusha kuelekeana, au mmoja akarusha kuelekea njia ambayo wanafunzi huitumia kurejea nyumbani. Kisahani kigumu kikimpata mtoto usoni kinaweza kumjeruhi vibaya. Kanuni ya kwanza katika uwanja uliochakaa, basi, ni kwamba asiyeona anakotua kisahani chake asirushe. Amtume mwenzake mbele, au asubiri.

Vichaka navyo vina kanuni zake. Katika maeneo kame ya Kenya, mathenge umeenea sana tangu ulipopandwa miaka ya 1970 na 1980 kwa nia ya kuzuia jangwa. Miiba yake huchoma hata kupenya soli ya kiatu. Kisahani kikiingia humo, mchezaji halazimiki kukifuata kwa magoti. Sheria humruhusu kurudi nyuma, akifuata mstari unaotoka kwenye shabaha kupitia kisahani kilipo, mpaka mahali palipo wazi, kisha aongezewe mrusho mmoja wa adhabu.

Ikiwa kinachomzuia ni nyuki, siafu au nyoka, husogea nyuma bila adhabu yoyote. Mawe, majani makavu na vijiti vilivyolala pale anaposimama anaweza kuviondoa, ila haruhusiwi kuvunja tawi lililo hai ili ajipatie nafasi. Kisahani kikipotea, hutafutwa kwa dakika tatu. Kisipopatikana, mchezaji hurudi alikorushia na kuongeza mrusho mmoja wa adhabu.

Changarawe nayo huathiri mchezo kwa njia ambayo wengi hawaitambui. Kisahani kilichokwaruzwa ukingoni hubadilisha mwendo wake angani. Mchezaji wa mkono wa kulia anayerusha kwa kupitisha mkono mbele ya kifua huona kisahani kipya kikiishia kupinda kushoto. Kikichakaa, huelekea zaidi kulia kabla ya kurudi, na pengine kisirudi kabisa. Upepo wa mbele huuzidisha mwelekeo huo na kukiinua, ilhali upepo wa nyuma hukishusha mapema. Anayecheza penye mawe na upepo hana budi kukijua kisahani chake kama mfugaji anavyomjua mbuzi wake.

Tukirejea Isiolo, mazingira yana mazuri na mabaya yake. Mji huo uko kwenye lango la kaskazini mwa Kenya, na mvua zake huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Misimu hiyo haiaminiki. Kati ya mwaka 2020 na 2022, mvua ilikosekana kwa misimu mitano mfululizo, kisha mwishoni mwa 2023 kukaja mafuriko. Uwanja wowote unaotegemea nyasi ungekufa mara mbili katika kipindi hicho, kwanza kwa kiu na kisha kwa maji.

Uwanja wa visahani ungestahimili, mradi upangwe kwa akili. Shabaha isisimikwe ndani ya laga, kwa sababu maji ya ghafla huja hata pale ambapo hakuna wingu. Njia zisikatize barabara ya mifugo kuelekea kisimani. Mbuzi wenyewe si maadui wa uwanja, kwani hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na mashine ya kukata nyasi. Muhimu ni kukubaliana na wafugaji kuhusu saa za malisho na saa za mchezo, maana ardhi iliyo wazi huwa na watu wake hata isipokuwa na ua.

Lipo pia suala la nani anayeweza kucheza. Mchezo huu hauna mbio za kusukumana wala sare maalumu. Msichana aliyevaa buibui na mzee wa miaka 60 wanaweza kushindana na kijana wa shule ya upili. Aidha, kwa kawaida hauna refa. Wachezaji hutembea pamoja, kila mmoja akihesabu mirusho yake mbele ya wenzake. Katika mji wanakoishi pamoja Waborana, Wasomali, Wameru, Waturka­na, pamoja na Wasamburu, mwendo huo wa saa moja au mbili wa kuaminiana si jambo dogo.

Swali linalobaki ni nani anayepaswa kuutunza uwanja. Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linalokabidhi bustani, vifaa vya burudani na vifaa vya michezo kwa serikali za kaunti. Wajibu huo haukomei kwenye kukata utepe.

Hata hivyo, namna bajeti zinavyopangwa huchangia tatizo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti kutenga angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Kujenga uwanja ni maendeleo, na huonekana. Kupaka rangi shabaha, kusimamisha bango na kujaza mashimo ni matumizi ya kawaida, ambayo hushindania fedha na mishahara. Matokeo yake ni kuwa kitu hujengwa upya kila baada ya miaka kadhaa kwa gharama kubwa badala ya kutunzwa kila mwezi kwa gharama ndogo.

Tatizo hilo si la mashinani tu. Mwaka 2024, timu ya taifa ya Harambee Stars ililazimika kucheza mechi zake za nyumbani nchini Malawi na Uganda kwa sababu Kenya haikuwa na uwanja uliofikia viwango vilivyotakiwa. Ikiwa taifa zima liliweza kukosa uwanja mmoja, bustani ya mtaani haiwezi kutarajia kutunzwa na watu wasiokumbushwa.

Wananchi wana njia za kukumbusha. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti. Ombi linalosema uwanja ni mbovu hupuuzwa kwa urahisi. Linaloeleza kuwa vituo vinne vimechimbika, mabango matatu yameanguka na njia moja inavuka barabara ya wanafunzi ni gumu kupuuza, kwa kuwa linaweza kukaguliwa.

Kuna jambo zito zaidi ya mchezo wenyewe. Tangu barabara ya kuelekea Moyale iwekwe lami na mji huo kuingizwa katika mradi wa LAPSSET, ardhi ya Isiolo imezidi kumezewa mate. Kiwanja kilichojaa mathenge na takataka huonekana kana kwamba hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hupata mwenyewe upesi. Mwaka 1989, marehemu Profesa Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Moja ya hoja zilizoufanya upinzani huo usikike ni kwamba bustani hiyo ilikuwa na watu waliokuwa wakiitumia.

Watu watano wanaokutana kila Jumamosi kurusha visahani kwenye uwanja mbovu hawajautengeneza bado. Lakini nyayo zao huacha njia, njia huonyesha matumizi, na penye matumizi ni vigumu kwa mtu kusimika kigingi usiku na kudai asubuhi kuwa hapakuwa na mtu.