Kulala si kulevuka: Fanya hesabu kabla ya kuondoka Naivasha

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaofunga ofisi Ijumaa jioni na kuelekea Naivasha, makala haya ni yako. Hata mimi huenda huko. Kutoka Nairobi ni kilomita 90 hivi tu, na kando ya ziwa kuna mahoteli, kambi za mahema na baa ambazo wikendi huwa na muziki na nyama choma hadi usiku wa manane. Tangu Safari Rally irejee katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, ikiwa na makao yake Naivasha, watu wa mjini wamezidi kuzoea kukesha huko.

Jambo linalonisumbua mimi kama daktari si usiku huo. Ni asubuhi yake.

Jumapili moja nikiwa zamu, tuliletewa mwanamume wa miaka thelathini na ushei ambaye gari lake liliacha barabara akipanda kutoka Mai Mahiu. Alikuwa amevunjika mguu. Rafiki aliyeketi kando yake alikuwa amezirai, na ilichukua siku tatu kabla ya kuzinduka. Nilisikia harufu ya pombe nikamwuliza yule dereva. Aliudhika. "Daktari, mimi nililala. Nimeamka nikaoga maji baridi, nikanywa supu na kahawa nyeusi. Leo sijagusa hata tone." Alikuwa akisema kweli, na bado alikuwa mlevi.

Hebu tufanye hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye alkoholi asilimia 4.2, ina gramu 16 hivi za alkoholi halisi. Kazi ya kuivunjavunja hufanywa hasa na ini, nalo kwa mtu mzima wa kawaida humaliza gramu 8 hivi kwa saa. Kwa hivyo chupa moja huhitaji saa mbili. Ukianza saa mbili usiku na ukanywa chupa nane, zitahitaji saa kumi na sita, yaani hadi saa sita mchana. Ukiwasha gari saa mbili asubuhi, damu yako bado ina pombe ya chupa mbili, na juu ya hayo una usingizi na kiu. Wengine ini lao huenda polepole zaidi ya hapo. Mwanamke naye, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji machache, akinywa sawa na mwanamume kiasi cha pombe katika damu yake hupanda zaidi.

Ini haliharakishwi, ndugu yangu. Kahawa hukufumbua macho tu, ukawa mlevi aliye macho. Supu ya mbuzi ni tamu na hurudisha chumvi na maji, lakini haigusi alkoholi. Kula nyama kabla ya kunywa husaidia kidogo kwa kuwa pombe huingia katika damu polepole, lakini kiasi cha kuvunjwa ni kile kile. Na wale wa "kutoa loki" kwa bia moja asubuhi wanaongeza saa mbili nyingine juu ya hesabu.

Kwa hivyo hesabu chupa zako tangu ya kwanza, uzidishe kwa mbili, kisha ungoje. Mvinyo na pombe kali zina hesabu yake, na mara nyingi kipimo kimoja cha baa huwa ni viwili ukijimiminia mwenyewe. La sivyo, mmoja wenu asinywe kabisa, au mlipie chumba siku ya pili. Ukiwa na kisukari na unatumia dawa za kupunguza sukari, usinywe bila kula, kwani sukari yaweza kushuka ukiwa usingizini na wenzako wakadhani umelewa tu.

Kwa wanaolala katika mahema, mambo mawili. Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, na mtu aliyepepesuka gizani akasimama kati ya kiboko na maji yuko hatarini. Tumia njia yenye taa, au mwombe askari wa kambi akusindikize.

La pili ni jiko la makaa. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, ukahisi joto huku mwili ukipoteza joto lake, na Naivasha usiku ni baridi. Hapo ndipo watu huingiza jiko lililochoma nyama ndani ya hema na kufunga zipu. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mlevi aliyelala hatasikia dalili zake. Mkimkuta mwenzenu anaumwa kichwa, anatapika au haamki vizuri, msiseme ni pombe. Mtoeni nje penye hewa safi na mumpeleke hospitali usiku huo huo, na anayeendesha gari awe yule ambaye hakunywa.