Ndege ikichelewa au ikifutwa, fidia unaidai vipi?

Ni nadra kupata nyumba katika mwambao wetu isiyokuwa na msafiri. Huyu ana mtoto London, yule ana mume Doha, mwengine anakwenda Umra, mwengine anarudi nyumbani kwa harusi. Kila msimu wa safari ukifika, mimi hupata simu za aina moja: ndege imechelewa nusu siku, abiria wamepewa chupa ya maji na mkate, kisha wakaambiwa "tunaomba radhi". Swali ni lile lile: je, ndiyo basi?

Mara nyingi si basi. Ziko sheria zinazolilazimisha shirika la ndege kumlipa abiria, na hazibagui pasipoti. Mkenya analipwa sawa na Mwingereza. Tatizo ni kuwa pesa hizi haziletwi mlangoni. Asiyedai hapati, na wengi wetu hatudai kwa sababu hatujui sheria gani inatuhusu.

Maswali matatu ya mwanzo

Kabla ya kuandika barua yoyote, jiulize: ndege iliruka kutoka wapi? Shirika ni la nchi gani? Na tiketi ilikuwa moja au mbili?

Tuanze na Ulaya, ambako sheria ni kali zaidi. Umoja wa Ulaya una Kanuni nambari 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Uingereza ilipojitoa katika Umoja huo, ilibaki na kanuni yake inayofanana na hiyo. Kanuni hizi zinamlinda kila abiria anayeruka kutoka uwanja wa ndege wa huko, kwa shirika lolote, liwe la Ulaya, la Ghuba au la Kenya. Lakini ukitoka kwetu kwenda huko, unalindwa tu ikiwa shirika lenyewe ni la huko.

Kwa mfano, ukipanda Kenya Airways kutoka London kuja Nairobi, kanuni ya Uingereza inakulinda. Ukipanda shirika hilo hilo kutoka Nairobi kwenda London, haikulindi. Ukipanda British Airways, unalindwa kwenda na kurudi. Ukitoka Mombasa kwenda London kupitia Doha au Dubai kwa shirika la Ghuba, kanuni hizi hazikuhusu, lakini safari ya kutoka London kurudi Mombasa inahusika. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kuwa kwenda na kurudi ni safari mbili mbalimbali, hata kama tiketi ilikatwa kwa pamoja.

Ni pesa ngapi?

Kiasi kinategemea umbali, si bei ya tiketi. Safari isiyozidi kilomita 1,500 ni yuro 250, na safari inayozidi kilomita 3,500 kati ya Ulaya na nchi za nje ni yuro 600. Kwa kanuni ya Uingereza, viwango hivyo ni pauni 220 na pauni 520. Kutoka Uingereza au Ujerumani hadi Mombasa ni mbali kuliko kilomita 3,500, kwa hivyo sisi tumo katika kiwango cha juu.

Kinachotazamwa ni umefika mwisho wa safari ukiwa umechelewa muda gani. Ikiwa ni saa 3 au zaidi, dai lako limeanza, ingawa katika safari ndefu shirika linaweza kulipa nusu pale kuchelewa kulipokuwa chini ya saa 4. Na saa ya kufika ni pale mlango wa ndege unapofunguliwa, si pale magurudumu yanapogusa ardhi. Ndege ikifutwa, unadai fidia ikiwa hukuarifiwa siku 14 kabla, isipokuwa shirika limekupa ndege nyengine ya muda unaokaribiana sana na ule wa kwanza.

Usichanganye fidia na marejesho ya nauli. Ndege ikifutwa, unachagua kurudishiwa nauli yako au kupelekwa kwa ndege nyengine. Fidia ni juu ya hayo. Chakula na hoteli ni haki ya tatu, mbali na hizo mbili. Hata ikiwa shirika halina kosa, chakula, malazi na usafiri wa kwenda hotelini ni juu yake. Volkano ya Iceland ilipofunga anga ya Ulaya mwaka 2010, mahakama hiyo hiyo ilisema baadaye kuwa mashirika bado yalikuwa na wajibu wa kuwalisha na kuwalaza abiria waliokwama.

Tiketi moja au mbili

Wengi wetu hatuna ndege ya moja kwa moja. Tunabadilisha Doha, Dubai, Istanbul au Addis Ababa. Ikiwa safari nzima imo katika bukingi moja, inahesabiwa kuwa safari moja. Ndege ya kutoka London ikichelewa saa 1 tu, ukakosa ndege ya Mombasa na kufika kesho yake, kuchelewa kwako kunahesabiwa Mombasa. Jambo hili Emirates ililipinga mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikawapa haki abiria waliokosa ndege zao Dubai.

Lakini ukinunua tiketi mbili mbali mbali ili upunguze gharama, ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakupita, hasara hiyo ni yako. Wakala akikwambia amekupatia bei nzuri, muulize kwanza: ni bukingi moja hii?

Nitaje kisa kimoja. Jamaa yangu alipata habari ya msiba wa babake akiwa Uingereza, akakopa nauli na kuondoka siku ile ile. Ndege ya kwanza ilichelewa kwa hitilafu ya mitambo, akaikosa ya pili Ghuba, akafika Mombasa kesho yake. Tulikuwa tumeshazika, kwani maiti hasubiri ndege. Baada ya siku arubaini tulikaa pamoja tukaandika barua. Jibu la kwanza la shirika lilikuwa kwamba hitilafu ile ilikuwa nje ya uwezo wao. Tukaandika ya pili, tukataja kanuni na uamuzi wa mahakama. Akalipwa pauni 520. Hazikumrudishia maziko ya babake, na yeye mwenyewe alisema hivyo, lakini alilipa deni la nauli.

Visingizio na jibu lake

Shirika halilipi fidia ikiwa sababu ni jambo lisilo la kawaida ambalo halikuweza kuliepuka: dhoruba, anga kufungwa, vita, mgomo wa waongozaji ndege. Hapo usipoteze muda wako. Lakini hitilafu ya mitambo si miongoni mwa hayo kwa kawaida. Mahakama ya Ulaya ilisema hivyo mwaka 2008, kwamba kuharibika na kutengenezwa kwa ndege ni sehemu ya kazi ya kila siku ya shirika. Kwa hivyo ukijibiwa kwa maneno mafupi ya "sababu za kiufundi", usikunje jamvi. Uliza ni sababu gani hasa, na udai ushahidi.

Je, na safari za Ghuba?

Anayetoka Mombasa kwenda Jeddah, Muscat au Dubai hana Kanuni 261, lakini ana Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Kenya imo, na Saudi Arabia, Oman, Qatar, Falme za Kiarabu, Uturuki na Ethiopia pia zimo. Kifungu cha 19 kinasema shirika linabeba hasara iliyoletwa na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kuwa lilichukua kila hatua ya busara kuizuia.

Tofauti ni hii: kanuni ya Ulaya inalipa kiasi maalumu, haijali ulikuwa ukienda mazikoni au matembezini. Montreal hulipa hasara inayohesabika tu. Hoteli uliyolipia, teksi, tiketi nyengine uliyolazimika kununua, ujira wa siku ulizokosa kazini. Uchungu wa moyo pekee hauna bei humo. Kikomo kinahesabiwa kwa kipimo cha Shirika la Fedha Duniani kiitwacho SDR, na tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 6,303 kwa kila abiria, yaani zaidi ya dola 8,000 za Marekani. Kwa mizigo iliyopotea, kuharibika au kuchelewa, kikomo ni SDR 1,519, takriban dola 2,000.

Hapa muda ni mfupi. Begi likiharibika, andika malalamiko ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Na kesi yoyote chini ya mkataba huu ifunguliwe ndani ya miaka 2, baada ya hapo haki imekufa.

Mali bila daftari huisha bila habari

Wahenga walisema hivyo, na madai mengi hufia papo hapo. Weka tiketi, kadi ya kuabiri, kibandiko cha begi na kila risiti. Piga picha ubao wa uwanjani unaoonyesha kuchelewa. Andika saa mlango wa ndege ulipofunguliwa. Muombe mfanyakazi wa shirika akuandikie sababu. Ukipewa karatasi ya kutia sahihi, isome kwanza: vocha ya chakula haina neno, lakini karatasi inayosema umeridhika na hutadai tena, usiitie sahihi.

Kisha liandikie shirika mwenyewe. Barua haitaki Kiingereza cha mawakili. Taja majina ya abiria, nambari ya bukingi, nambari ya ndege na tarehe, saa uliyotarajiwa kufika na saa uliyofika, sheria unayoitegemea, kiasi unachodai kwa kila mtu, na mpe muda wa kujibu. Kila abiria ana dai lake, hata mtoto aliyelipiwa kiti, na fidia ni ya msafiri hata kama tiketi alilipiwa na mwanawe.

Ukikataliwa bila sababu ya maana, Uingereza na kila nchi ya Umoja wa Ulaya ina chombo cha kupokea malalamiko ya abiria. Hapa Kenya, anza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kwa dai la Montreal lisilozidi shilingi milioni 1, iko Mahakama ya Madai Madogo, ambapo unaweza kujisimamia bila wakili. Mkataba unakuruhusu kushtaki mahali pa mwisho wa safari, na kwa tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Mombasa, mwisho wa safari ni Mombasa.

Ziko pia kampuni zinazodai kwa niaba yako na kukata sehemu ya malipo. Si haramu kuzitumia, lakini barua ya kwanza haikugharimu kitu. Iandike wewe, au mpe kijana wa nyumbani aiandike. Na ikiwa wiki hii mna mgeni aliyefika kwa kuchelewa, mwambieni asitupe zile karatasi zake.