Shule 350 na Kura ya Kupima Sera

Fedha zikipelekwa shuleni na matokeo ya mtihani yakapanda, karibu kila mtu atasema fedha zimefanya kazi. Huenda ni kweli. Huenda pia mtihani ulikuwa mwepesi, au mavuno yalikuwa mazuri na watoto wakahudhuria wakiwa wameshiba. Mwaka 2013 Tanzania ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na elimu ilikuwa mojawapo ya sekta zake. Mradi mwingine wowote wa elimu ulioanza mwaka ule, kama ungepimwa kwa kulinganisha hali ya kabla na ya baada, ungeweza kubeba sifa au lawama zisizo zake.

Kulinganisha shule zilizopata na zilizokosa nako kuna mtego. Mara nyingi zinazopata mapema ni zile zilizo karibu na barabara ya lami, au zenye mwalimu mkuu anayejua kufuatilia mambo kwenye ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Shule hizo pengine zingefanya vizuri hata bila fedha.

Njia ya kutoka hapo ni kura. Unaandika orodha ya shule zote zinazostahili, unapiga kura, nyingine zinapata na nyingine zinabaki kama zilivyo. Kura haimjui mwalimu mkuu wala mbunge. Makundi yakiwa makubwa ya kutosha, yatafanana kwa wastani katika kila jambo, hata yale tusiyoweza kuyapima kama bidii na ari. Baadaye ikijitokeza tofauti kubwa kuliko ile inayoweza kuletwa na bahati tu, tunajua imetoka wapi. Hilo ndilo jaribio la nasibu. Mwaka 2019 Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer walipata tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kulitumia katika mapambano dhidi ya umaskini, na majaribio ya awali ya Kremer yalifanyika magharibi mwa Kenya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Tanzania. Katika miaka ya 2013 na 2014, shirika la Twaweza liliendesha mradi wa KiuFunza katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10. Kwa kura, shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ikiingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Nyingine 70 hazikupata ruzuku, bali walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Shule 70 zilipata vyote viwili. Zilizobaki 140 hazikupata chochote cha mradi, na ndizo zilizokuwa kipimo.

Hesabu yenyewe si ndogo. Shule ya watoto 500 ilipokea milioni tano kwa mwaka. Mwalimu ambaye watoto wake 20 walifaulu Kiswahili alipata laki moja kwa somo hilo pekee.

Baada ya miaka miwili, shule zilizopata ruzuku peke yake hazikutofautiana na zile 140 katika alama za watoto. Fedha zilifika na zilitumika, ila wazazi nao walipunguza walichokuwa wakitoa mfukoni, na ujifunzaji haukusogea. Bonasi ya walimu peke yake ilionyesha dalili fulani za mafanikio. Lakini pale vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi waziwazi, na ongezeko hilo lilizidi jumla ya athari za ruzuku na bonasi zikipimwa kila moja peke yake. Kama waandaaji wangejaribu ruzuku tu, tungehitimisha kwamba fedha hazisaidii shule. Hitimisho hilo lingekuwa na takwimu nyuma yake, na lingewaumiza watoto kwa miaka mingi.

Wapo wanaouliza kama ni haki kuwanyima wengine kwa ajili ya utafiti. Swali hilo ni la kuheshimiwa. Jibu langu ni kwamba mara nyingi fedha hazitoshi kuwafikia wote kwa mara moja, na kura ni ya haki kuliko kujuana. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, mradi wa dawa za minyoo uligawa shule 75 katika makundi matatu yaliyoanza kupewa dawa mwaka 1998, 1999 na 2001. Wote walifikiwa, kilichoamuliwa ni nani atangulie.

Udhaifu wa majaribio haya unaonisumbua zaidi ni mwingine. Kenya ilijaribu walimu wa mkataba katika shule 192. Pale walimu walipoajiriwa na shirika lisilo la kiserikali, alama za wanafunzi zilipanda. Pale serikali ilipowaajiri kwa mkataba uleule, hazikupanda hata kidogo. Usimamizi ulilegea, mishahara ilichelewa, na chama cha walimu kilipinga mpango huo. Kwa hiyo jaribio la sera linakamilika pale tu linapoendeshwa na wale watakaoitekeleza kila siku, kwa mishahara na foleni za malipo zilezile.

Halmashauri zetu tayari hugawa madawati, vishikwambi na nyumba za walimu kwa awamu. Ombi langu kwa wakurugenzi na maofisa elimu ni hili: awamu ya kwanza ipangwe kwa kura ya hadharani, watoto wapimwe kusoma na kuhesabu katika shule zilizopata na zinazosubiri, na majibu yabandikwe ubaoni kabla bajeti ya awamu ya pili haijapitishwa.