Mama Yupo Nyumbani: Je, Ni Vibaya Kumlipa Mtu Amsaidie Kazi?

Ukiteremka Mwigobero asubuhi, hapa mjini Musoma, utakuta watu wengi ufukweni. Wavuvi wa dagaa wanarudi kutoka kazi ya usiku. Wasafiri wanangoja chombo cha kuvukia kwenda Kinesi. Na pembeni kidogo utawaona akina mama na wasichana walioingia majini hadi magotini. Wengine wanafua, wengine wanaosha vyombo, wengine wanajaza madumu.

Si wote wanaofua nguo za nyumbani kwao. Wapo waliotumwa na kulipwa. Na pengine katika nyumba iliyowatuma yupo mama ambaye hana ajira, anashinda na watoto. Jirani akipita husema, "Yupo nyumbani kutwa nzima, halafu anamlipa mtu amfulie! Huo si uvivu?" Mume naye huuliza, "Mama watoto, wewe unashinda hapahapa. Fedha ya kumlipa mtu ni ya nini?"

Swali hili huleta ugomvi katika nyumba nyingi. Mwezi huu tulitazame kwa upande wa afya.

GOLIKIPA NAYE HUCHOKA

Mjini siku hizi mama asiye na ajira huitwa kwa utani "golikipa", maana yeye kazi yake ni kulinda nyumba tu. Lakini hebu tuhesabu kazi moja peke yake, ya maji. Tuseme nyumba ya watu saba inatumia madumu manane kwa siku. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Hizo ni kilo 160 kwa siku, na kwa wiki ni kilo 1,120. Ni kama kubeba magunia 11 ya mahindi kila wiki. Na hapo hatujahesabu kuni, kufua, kupika, kufagia na kumbeba mtoto mgongoni.

Kwa hiyo mama wa nyumbani anafanya kazi. Tofauti ni kwamba halipwi mshahara. Swali halisi si kama yupo nyumbani au hayupo. Swali ni kama mwili wake unaweza kuubeba mzigo huo, na kama hauwezi, nani aubebe badala yake.

WAKATI MSAADA UNAPOKUWA DAWA

Zipo nyakati ambazo kumpatia mama msaada ni sehemu ya matibabu.

Wakati wa kwanza ni baada ya kujifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 kama amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Mama wa nyumbani hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo. Ni lazima apewe na familia yake. Wazee wetu walijua jambo hili, ndiyo maana walimwacha mzazi apumzike siku arobaini, na mama mkwe au dada akaja kukaa naye.

Mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa muda wa wiki sita hivi, au kama daktari alivyomwelekeza. Hii haina maana alale kitandani mchana kutwa. Kutembea kidogokidogo ndani ya nyumba kunamsaidia, kwa sababu kulala muda mrefu kunaweza kufanya damu igande miguuni. Akiona damu inatoka nyingi, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana au mguu mmoja kuvimba, apelekwe hospitali mara moja.

Wakati wa pili ni mimba inapokuwa kubwa. Wengine wanaohitaji msaada ni mama mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, mwenye ugonjwa wa moyo, au mwenye kizazi kilichoshuka. Kubeba vitu vizito kila siku huongeza hatari ya kizazi kushuka, hasa kwa mama aliyezaa mara nyingi. Tusimsahau anayemuuguza mgonjwa au anayemlea mtoto mwenye ulemavu. Huyo mara nyingi hapati hata usingizi.

Yupo pia mama ambaye baada ya kujifungua analia bila sababu, hana hamu ya kula, na hataki hata kumtazama mtoto. Watu humwambia anadeka. Huo ni ugonjwa, unaitwa sonona. Kumpunguzia kazi ni jambo jema, lakini halitoshi. Apelekwe kituo cha afya.

Kwa mama mzima wa afya, mambo ni tofauti kidogo. Mwili wa binadamu unahitaji kazi. Mtu mzima anashauriwa kuutumia mwili angalau dakika 150 kwa wiki kwa kazi ya wastani, na kufagia, kulima bustani na kufua vinahesabika. Anayeachia mtu mwingine kazi zote, yeye akabaki kukaa tu, anakaribisha unene, kisukari na shinikizo la damu. Basi toa kazi inayokuumiza, baki na ile inayokujenga.

KICHOCHO HAKIJUI NANI KALIPWA

Sasa turudi Mwigobero, pale majini. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Viktoria tunaishi na kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake hukaa katika konokono wa majini, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani, hata kama hana kidonda. Mgonjwa huumwa tumbo, huharisha, na huweza kuona damu katika choo. Kikikaa miaka mingi bila kutibiwa huharibu ini, bandama huvimba, na mtu anaweza kutapika damu.

Mama akiacha kwenda ziwani na kumtuma msichana wa kazi, ugonjwa umehama tu kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Fedha imemkinga mwenye nyumba, haikumkinga mtumishi. Ukweli huu tunausahau tunapojadili kulipa au kutolipa. Kazi inayoweza kumdhuru mama inaweza kumdhuru pia yule anayelipwa.

Basi kabla ya kutafuta mtu, fanyeni kazi yenyewe iwe salama:

1. Kama bomba la MUWASA limefika mtaani kwenu, fedha ya kununulia maji ya bomba ni afadhali kuliko fedha ya kumtuma mtu ziwani.
2. Msifulie ndani ya ziwa. Chota maji, fulia nyumbani katika beseni.
3. Maji ya ziwa yakikaa katika chombo kilichofunikwa kwa siku mbili, vijidudu vya kichocho vinakuwa vimekufa, na maji hayo yanafaa kuogea na kufulia. Ya kunywa lazima yachemshwe.
4. Anayechota avae mabuti ya mpira, na asikae majini bila sababu.
5. Kila mtu atumie choo. Mayai ya kichocho cha tumbo hufika ziwani kwa njia ya kinyesi.
6. Mwenye dalili apimwe na kupewa dawa. Mfanyakazi naye ni mmoja wa nyumba, asiachwe.

KWANZA GAWANENI

Wazee wa Mara wanakumbuka risaga, yaani watu kukusanyika kulima shamba la mmoja wao, na kesho yake kwenda kwa mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika nyumba nyingi kazi zimeelekezwa kwa mama na mabinti, wakati vijana wa kiume wamekaa barazani. Hakuna ugonjwa unaompata mvulana kwa kuosha vyombo.

Hata akina baba wanaweza. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, wengi hupumzika. Siku hizo za mapumziko baba mwenye baiskeli anaweza kuleta madumu manne kwa safari moja, wakati mama angepiga safari nne na dumu kichwani. Na ikiwa baba ndiye anayebaki nyumbani, mama akaenda sokoni kuuza samaki, basi maneno yote ya ukurasa huu yanamhusu baba huyo vilevile.

Mama akijifungua au akiugua, majirani na wanajumuiya wanaweza kupeana zamu: huyu leo analeta maji, yule kesho anafua. Msaada huo haugharimu shilingi.

MKIAMUA KULIPA

Baada ya kugawana, mkiona bado mzigo ni mkubwa na fedha ipo, lipeni. Si dhambi wala si uvivu. Lakini mlipeni mtu mzima, tena malipo ya haki.

Wapo wanaokwenda kijijini, Bunda au Butiama, kumchukua mtoto wa ndugu mwenye miaka 11 au 12, wakiahidi kumsomesha. Akifika mjini anaamka alfajiri kuchota maji, analea mtoto mchana, analala wa mwisho. Shule haioni. Tusimwite "mtoto wa ndugu" ili tusimlipe. Sheria ile ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha umri huo anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Mwanza lipo shirika la WoteSawa linalowatetea watoto wa namna hii. Mwanzilishi wake, Angela Benedicto, aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani yeye mwenyewe.

Mtu mzima unayemwajiri naye ana haki zake. Anatakiwa kupata siku ya kupumzika kila wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, na mshahara usiopungua kima cha chini. Agizo la mshahara la mwaka 2022, lililoanza kutumika Januari 2023, liliweka kwa nyumba za kawaida shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa anayerudi kwake. Mwaka 2025 serikali ilitangaza viwango vipya vya kuanza Januari 2026, kwa hiyo ulizeni Ofisi ya Kazi kiwango cha sasa kabla ya kukubaliana.

Shilingi 60,000 zilikuwa ni 2,000 kwa siku. Nyumba isiyoweza kutoa hata hizo isiajiri mtu wa kulala nyumbani. Ilipie kazi mojamoja: mwenye mkokoteni alete maji, mama jirani afue mara moja kwa wiki. Mkubaliane bei mapema, na umlipe siku hiyohiyo, naye ana watoto wanaongoja.

ZUNGUMZENI

Baba na mama wakae jioni moja, waandike katika daftari kazi zote za wiki: ni kazi gani, inachukua muda gani, anaifanya nani. Kisha wajiulize maswali matatu. Ipi inamuumiza anayeifanya? Ipi inaweza kupunguzwa au kufanywa na mwingine wa humu ndani? Ipi inafaa kulipiwa?

Kwa kawaida inayofaa kulipiwa ni ya dumu na ya beseni. Kunyonyesha, kucheza na mtoto, kumsikiliza anaporudi shuleni, hizo mama na baba wabaki nazo. Mama aliyetuliwa dumu kichwani anapata nafasi ya kumnyonyesha mtoto bila haraka, na mtoto mchanga anahitaji maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza.

Na ukimwona jirani yako amemlipa mtu wa kumfulia, usiwe mwepesi kumwita mvivu. Pengine ana kidonda cha upasuaji ambacho hukijui. Mpigie hodi, umuulize hali, na ukiweza, umchotee dumu moja.