Kipimo cha Kingamwili na Mnyauko wa Nyanya

Wakulima wa nyanya na biringanya hapa Segerea na katika bonde la Msimbazi wanaujua mnyauko. Mmea hulala ghafla mchana ukiwa bado wa kijani, na baada ya siku chache umekufa. Wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Kama ugonjwa umeletwa na bakteria, hiyo ni fedha iliyotupwa.

Bakteria wanaohusika zaidi huitwa Ralstonia solanacearum. Hatua ya kwanza ya kuwatambua haina gharama. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya bilauri ya maji safi, usikitikise. Ute mweupe ukishuka kama nyuzi baada ya dakika chache, ni bakteria. Mnyauko wa ukungu hautoi ute huo. Lakini bilauri haisemi ni bakteria gani, na hapo ndipo kipimo cha kingamwili kinapohitajika.

Aliyewahi kutobolewa kidole zahanati na kupimwa malaria kwa kile kipimo cha mistari ameshakiona kipimo cha aina hii. Maabara humdunga sungura bakteria waliouawa. Mwili wake hutengeneza kingamwili, yaani askari wanaolijua umbo la nje la adui huyo tu. Kingamwili hutolewa katika damu yake na kuwekwa kwenye kijiti. Shina linalopimwa hupondwa katika maji maalumu, kisha kijiti huchovywa. Mstari mmoja: kipimo kimefanya kazi, bakteria hawajaonekana. Miwili: wapo.

Kwa njia hiyo pia wataalamu hupanga bakteria katika makundi, kwa kuwa wanaofanana kwa nje hushikwa na kingamwili zilezile. Ila ndugu wa karibu huweza kushikwa pamoja, na waliokufa huhesabiwa kama walio hai! Mwaka 2003 vipandikizi vya maua kutoka Kenya vilikutwa Marekani vikiwa na Ralstonia. Vijiti huishia kutaja jina hilo. Kujua kama ni lile kundi linalostahimili baridi, linaloogopwa kwa ajili ya viazi, kulihitaji vipimo vya vinasaba.

Kwa vikundi vyetu vinavyokodi bustani, jibu la mistari miwili ni zito. Hakuna dawa ya kuponya, na bakteria hukaa ardhini miaka. Kabla ya kulipa kodi ya msimu mwingine, mwone afisa kilimo wa kata kuhusu kupeleka sampuli. Mamlaka ya serikali yenye dhamana hiyo ni TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Wakati mnasubiri, ng'oeni mimea iliyonyauka na kuichoma, msiitupe mtoni wala kwenye mfereji wa kumwagilia. Hapo pandeni mahindi, wala si nyanya chungu au pilipili, ambazo nazo hushambuliwa.