Ndege Ndani ya Majani

Kijana mmoja wa hapa kwetu Makorora alinionyesha picha alizopiga kwenye mwembe wa jirani. Majani yalitoka safi mno, ungeweza kuihesabu mishipa yake. Ndege aliyekusudiwa alikuwa doa jeusi huko nyuma. Akaniuliza kama anunue lenzi kubwa zaidi. Nikamwambia fedha zake azihifadhi kwanza.

Ndugu wasomaji, kamera haijui unachokitaka. Ukiiachia ilenge yenyewe, mara nyingi hushika kilicho karibu, yaani jani. Ipangie nukta moja tu ya kulengea, ile ya katikati, nayo uiweke kwenye jicho la ndege. Majani yakizidi kuidanganya, lenga kwa mkono. Kisha sogea, jambo ambalo wengi hawalifanyi! Hatua moja kushoto, au kuchuchumaa kidogo, yaweza kukufungulia kidirisha ambacho hukukiona.

Weusi nao una sababu yake. Ndege akiwa na mbingu nyuma yake, kamera hupunguza mwanga kwa ajili ya mbingu, naye hubaki kivuli. Ongeza mwanga hatua moja au mbili, au tafuta mahali ambapo nyuma yake pana miti ya mbali. Chozi dume ana la ziada. Mmetameto wake hutokana na jinsi manyoya yake yalivyoumbwa, hivyo hung'aa akipigwa na mwanga kutoka upande wako, na akigeuka kidogo tu huwa mweusi.

Jua la saa sita humwaga madoa meupe katikati ya majani. Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu ni bora, na siku ya mawingu si mbaya hata kidogo. Shata iwe 1/500 ya sekunde au zaidi, hata ikibidi kupandisha ISO mpaka 1600 na picha ije na chengachenga. Heri chengachenga kuliko ukungu. Wala usimfukuze: chozi hurudi kwenye maua yale yale. Chagua ua, lenga, tulia.

Picha kama hizi si za kupamba ukuta tu. Kule Amani, wilayani Muheza, yupo ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1931. Anajulikana katika milima ya Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu. Hukaa ndani ya mitambaazi iliyosokotana, na picha moja inayoonyesha mdomo na kichwa ni ushahidi kwamba bado yupo pale.

Sasa nije kwenye linalonikera. Wapo wanaokata majani yanayofunika kiota ili wapate picha wazi. Majani yale ndiyo paa la makinda. Yakiondoka, jua la Tanga huwaunguza, na kunguru wa India, walioletwa Unguja miaka ya 1890, hawahitaji lenzi kuwaona. Mpiga picha huondoka na picha nzuri ya makinda ambao huenda jioni wasiwepo.

Ukimwona ndege ana mdudu mdomoni, anarukaruka matawini na hataki kutua, ujue umesimama karibu mno na kiota chake. Rudi nyuma mpaka atue na kulisha.