Je, Wajua? Slovenia, Kiboko ya Italia

Je, wajua kwamba Italia ilipotwaa ubingwa wa Ulaya wa futsali mwaka 2014 mjini Antwerp, Ubelgiji, timu pekee iliyoifunga ni Slovenia, nchi yenye watu takriban milioni 2? Ilikuwa mechi ya makundi, na ubao ulisoma 3-2.

Miaka minne baadaye Slovenia ikawa mwenyeji wa michuano hiyohiyo, katika ukumbi wa Stožice, Ljubljana. Ikaanza kwa sare ya 2-2 na Serbia, kisha ikaichapa tena Italia, safari hii 2-1. Waitalia wakafungasha virago mapema. Kwenye robo fainali wenyeji walikutana na Urusi wakala kichapo cha 2-0. Ureno ndiyo iliyoondoka na kombe.

Futsali huchezwa ukumbini, watano kwa watano pamoja na kipa, kwa vipindi viwili vya dakika 20, na saa husimama kila mpira unapotoka. Mpira wenyewe ni mdogo na haudundi sana. Mchezaji anaweza kutoka kupumzika na kurudi mara nyingi apendavyo. Nadhani hapo ndipo nchi ndogo inapopata nafasi: haihitaji mamia ya wachezaji wa kulipwa, bali kundi dogo lililozoeana, linalojua mwenzao atakuwa wapi kabla hajafika. Slovenia wamelijenga kundi hilo kwa subira, na wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.